Nani Yumo Melini? Mombasa na Mabaharia Wake

Kila meli inayofunga gati Kilindini huwa na karatasi moja ambayo maofisa wa uhamiaji huitaka kabla mtu yeyote hajashuka ngazi. Ni orodha ya mabaharia. Mpangilio wake umekubaliwa na mataifa, kwa hiyo ya meli yenye bendera ya Panama haitofautiani na ya meli ya Ugiriki: jina la ukoo, majina mengine, cheo melini, uraia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, aina ya kitambulisho na namba yake. Basi. Ofisa aliyezoea huipitia kwa dakika chache, akiyalinganisha majina na paspoti zilizopangwa mezani kwa nahodha, kisha akagonga muhuri. Hakuna safu ya jina la mke, wala ya namba ya simu ya mama. Hayo yamo kwenye mkataba wa ajira, na mkataba umo kabatini kwa wakala, huenda hapo hapo Mombasa, huenda Dubai au Piraeus.

Siku za salama pengo hilo halimsumbui mtu. Meli ikitekwa, ikizama au ikitelekezwa na mwenyewe, ndipo unapoona jamaa wakizunguka kutoka ofisi hadi ofisi wakiuliza jambo moja, na kila ofisi ikiwaelekeza kwingine. Vyama vya mabaharia huhesabiwa kwa kawaida kuwa ni mambo ya sala, bia na mchezo wa puli. Vyote hivyo vimekuwapo Mombasa na sioni sababu ya kuvidharau. Lakini nikitazama yaliyoipata bandari hii tangu 2005, naona huduma iliyohitajika kuliko zote ilikuwa ya kujua: nani yumo melini, yu hali gani, na nani nyumbani aambiwe.

Enzi ya majahazi swali hilo halikuhitaji ofisi. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Ghuba, Arabuni na Bara Hindi, yakapanda na kusi, na nahodha aliajiri watu wa mji wake, aghalabu nduguze na watoto wa jirani. Malipo yalikuwa ya mafungu: safari ikiisha, faida hugawanywa, kila mtu fungu lake. Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakapita Lamu, Mombasa na Unguja hadi kwenye mikoko ya Rufiji. Alichokiona ni kwamba baharia alifungwa kwa nahodha wake kwa deni, na nahodha kwa mfanyabiashara kwa deni kubwa zaidi. Maisha hayo hayakuwa ya kuonewa wivu. Hata hivyo kila aliyekuwa jahazini alijulikana ni mwana wa nani, na jahazi lililotangulia kufika lilileta habari za yaliyochelewa. Mji mzima wa bandarini ulikuwa ndiyo orodha.

Meli za moshi zilivuruga mpango huo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na vyuma vyake vilihitaji meli kubwa, ambazo hazikuweza kutegemea bandari ya zamani chini ya Mji wa Kale. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga Kilindini na mizigo ikateremshwa kwa matishari, mpaka 1926 gati za kwanza za maji ya kina zilipofunguliwa. Kuanzia hapo bandari ikawa na watu wa aina mbili ambao majaliwa yao yalitofautiana sana, ingawa walishika kamba zile zile.

Wa kwanza ni makuli. Hao walikuwa nchi kavu, waliishi Majengo au walivuka kutoka Likoni, na wakikasirika waliweza kukusanyika siku hiyo hiyo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, makuli wakiwa mstari wa mbele, waligoma kwa siku 12, wakikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa sauti yao. Serikali ya kikoloni ilimhamishia mbali na pwani kabla mwaka ule haujaisha. Mwaka 1954 chama cha wafanyakazi wa bandari kilisajiliwa, na baada ya mgomo wa Machi 1955, ambao Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi kuusuluhisha, hakuna mwajiri aliyeweza tena kujifanya hakioni. Wa pili ni mabaharia wenyewe. Hao hawana kiwanja. Leo wako 20 katika meli moja, mwezi ujao wametawanyika katika meli 20, chini ya bendera za nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Kilio cha baharia hakisikiki mpaka awepo mtu bandarini wa kukipokea.

Kazi ya kukipokea, kwa namna tunayoijua leo, ilianzia mbali na hapa. Mwaka 1835 kasisi wa Kianglikana, John Ashley, alikuwa ufukweni Clevedon, kwenye mlango wa bahari wa Bristol, pamoja na mwanawe mdogo. Mtoto akavitazama visiwa vilivyokuwa mbele yao akamuuliza baba yake watu wa kule husali wapi. Ashley alikwenda kuwatembelea, na huko akaona meli nyingi zimetia nanga zikisubiri upepo, zimejaa watu ambao hakuna aliyewajali. Akatumia miaka iliyofuata kwenda melini kwa mashua yake, Eirene, ambayo ndani alikuwa ametengeneza kanisa. Yeye alichoka na afya ikamsaliti, lakini kazi ilichukuliwa na wengine, na 1856 ikaundwa Missions to Seamen, ambayo bendera yake ni malaika anayeruka. Wakatoliki nao walianzisha utume wao Glasgow mwaka 1920, unaojulikana sasa kama Stella Maris. Katika karne moja mashirika hayo yalijenga nyumba katika mamia ya bandari duniani, na Mombasa ikapata yake.

Aliyefika katika nyumba ya Mombasa katika miaka yake minono alikuta kanisa dogo, baa, bwawa la kuogelea na mahali pa kuandikia barua. Usidharau hilo la barua. Baharia wa Kifilipino au wa Kihindi aliyekaa miezi minane bila kusikia mtoto wake amezaliwa au hajazaliwa alithamini meza na stempu kuliko bia. Meli za mizigo ya kawaida zilikaa gatini siku nyingi, wiki hata, kwa sababu magunia ya kahawa na marobota ya katani yalipakiwa kwa winchi na mabega ya watu. Baharia alikuwa na nafasi ya kushuka, kunyoa, kuogelea, kucheza mpira na timu ya meli nyingine, na kupigana kidogo Kilindini Road kama ndiyo tabia yake.

Kilichoipunguzia watu nyumba hiyo si ukafiri. Ni kontena. Meli ya makontena hupakua na kupakia kwa saa, si kwa wiki, na katika saa hizo baharia ana zamu. Kisha kuanzia 1 Julai 2004 zikaja kanuni za kimataifa za usalama wa bandari, zilizotungwa baada ya mashambulizi ya Marekani ya 2001, na lango la bandari likawa gumu kutoka na gumu kuingia. Wahudumu wakaacha kumsubiri baharia aje. Wakaanza kumfuata.

Kumfuata kwenyewe ni kazi ya miguu. Mhudumu anaingia langoni na kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, anapita kati ya matrela na mashine za kubebea makontena, anafika kwenye ngazi ya alumini inayoning'inia ubavuni mwa meli ikicheza kila maji yanapojaa. Juu yake kuna baharia wa zamu na daftari. Unaandika jina lako na saa, unapewa beji. Ndani, chumba cha kulia kina harufu ya wali na dizeli. Anatoa laini za simu, na watu wanamzunguka haraka. Kwa dakika kumi mazungumzo yote ni ya bando. Ni pale wengine wanaporudi kazini ndipo mmoja anabaki, anafunga mlango, anauliza kwa sauti ya chini kama ni halali kutolipwa miezi mitatu. Kazi halisi huanzia hapo, na isingeanza kama asingekuja kwanza na laini za simu.

Lakini nyumba hizo, kwa wema wake wote, zilitengenezwa kwa ajili ya mgeni anayefika. Mwenyeji anayeondoka hakuwamo katika mahesabu. Kijana wa Kisauni au wa Tanga aliyepata kazi katika meli ndogo ya pwani, ile inayobeba saruji kwenda Moroni au mchele kwenda Bosaso, aliondoka bandarini kwake na kufika katika bandari ambazo nyingi hazikuwa na malaika anayeruka wala asiyeruka. Mpango wa kuwasaidia mabaharia uliojulikana kimataifa kwa jina la Seafarers Assistance Programme ulizaliwa Mombasa kwa ajili ya watu kama hao. Mratibu wake, Andrew Mwangura, alikuwa baharia mwenyewe kabla ya kuwa mtetezi. Haukuwa na jengo la kujivunia. Mtaji wake ulikuwa simu, na watu wa kila aina waliokuwa tayari kuipiga au kuipokea: wavuvi, mawakala, makarani wa bandari, manahodha, mama wa mabaharia, na baadaye hata watekaji.

Mwishoni mwa Juni 2005 meli ndogo MV Semlow ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Bosaso, kaskazini mwa Somalia. Ilibeba tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya Wasomali walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004. Wakala wake alikuwa wa Mombasa. Melini walikuwamo watu kumi: nahodha kutoka Sri Lanka, Mtanzania mmoja na Wakenya wanane. Somalia ilikuwa haina serikali yenye nguvu tangu 1991, na wenye meli za pwani walijua hatari za kupita pale, ila msaada wa chakula ulidhaniwa hauguswi. Watu wenye bunduki wakaiteka karibu na Harardhere na kudai dola 500,000.

Shirika la chakula likasimamisha kwa muda meli zake zote za Somalia, na magazeti ya dunia yakaandika kuhusu mchele. Ni kweli mchele ulikuwa habari. Wenye njaa waliusubiri. Lakini ukisoma taarifa za majuma yale utaona idadi ya tani inatangulia, dola zinafuata, na watu kumi wanatajwa mwishoni kama sehemu ya shehena. Mombasa mambo yalikwenda kinyume. Hapa watu waliwajua hao wanane, na waliotaka kujua habari zao hawakuwa na ubalozi wa kuuendea, kwa kuwa Mkenya aliyetekwa katika maji ya Somalia, ndani ya meli yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadines, hajulikani ni mzigo wa serikali gani. Wakala alikuwa na simu ya meli, na chama cha mabaharia kilikuwa na masikio pwani nzima. Katika miezi ile Mwangura akawa mtu anayeulizwa na jamaa asubuhi na mashirika ya habari ya Ulaya jioni, na kwa kuwa wa jioni walimuuliza kila siku, wa asubuhi walipata habari ambazo wasingezipata.

Mateka wa Semlow walikaa kama siku 100. Katikati ya mambo, watekaji waliitumia meli hiyo hiyo kuikamata meli nyingine ya Misri iliyobeba saruji, wakawaacha mabaharia wa Mombasa wakitazama jinsi meli yao ilivyogeuzwa chambo. Waliachiwa mwanzoni mwa Oktoba. Kabla Mombasa haijamaliza kushukuru, meli mbili nyingine za wakala huyo huyo, Torgelow na Miltzow, nazo zikatekwa mwezi ule ule. Kuanzia hapo bandari ilielewa kwamba haikuwa ajali ya mara moja.

Tukio lililoupa mpango huu jina, na kuuletea taabu, ni la MV Faina. Meli hiyo ya Waukraine iliyopeperusha bendera ya Belize ilitekwa 25 Septemba 2008 ikielekea Mombasa, ikiwa na watu 21: Waukraine 17, Warusi watatu na Mlatvia mmoja. Ndani yake kulikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine. Manowari za Marekani zikaizunguka mbele ya Hobyo ili hata bunduki moja isishuke. Serikali ya Kenya ikatangaza kwamba vifaru ni vyake, vimenunuliwa kwa ajili ya jeshi. Mwangura akawaambia waandishi wa habari jambo tofauti: shehena ilikuwa inakwenda Sudan Kusini, na haikuwa ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza, na wengi waliuliza, chama cha mabaharia kinahusika nini na vifaru. Jibu langu ni kwamba kinahusika sana. Bei ya mateka hupangwa kwa kutazama kilichomo melini. Waliomo ndani ya meli iliyobeba mtama wana thamani moja mbele ya mtekaji, na waliomo ndani ya meli iliyobeba vifaru ambavyo serikali mbili zinavionea haya wana thamani nyingine kabisa, na watakaa zaidi. Jamaa wa Odessa au Sevastopol waliokuwa wakisubiri simu walistahili kujua kwa nini mazungumzo hayaendi. Kwa mtu wa bandari, kuuliza shehena inakwenda kwa nani ni swali la kawaida. Karani wa gati huliuliza mara mia kwa siku.

Siku chache baada ya matamshi yale, mwanzoni mwa Oktoba, polisi walimkamata Mwangura mjini Mombasa. Alishtakiwa kwa kutoa taarifa za kutia watu hofu, akakaa rumande zaidi ya wiki moja kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Walikuwapo waliodai kwamba anajua mno habari za maharamia kiasi kwamba lazima ni mwenzao. Tuhuma hiyo isipuuzwe kirahisi. Ukizungumza kila siku na watu wanaozungumza na watekaji, mpaka kati ya kupata habari na kupeleka habari huwa mwembamba, na aliye nje hawezi kuuona vizuri. Pia taarifa inayotolewa redioni humfikia mtekaji, ambaye naye ana redio. Wenye meli na wapatanishi wao walipenda kimya, wakisema kila kelele inapandisha bei. Hoja yao ilikuwa na uzito, lakini kimya kilikuwa na faida zaidi kwa mwenye meli kuliko kwa familia, maana mwenye meli alikuwa ndani ya mazungumzo na familia ilikuwa nje. Mwangura hakutiwa hatiani.

Nahodha wa Faina, Vladimir Kolobkov, alikufa katika siku za mwanzo za utekaji, na mwili wake ukahifadhiwa kwenye friza ya meli kwa miezi yote iliyobaki. Kikombozi cha dola milioni 3.2 kiliangushwa kutoka kwenye ndege, na 5 Februari 2009 meli ikaachiwa. Wiki moja baadaye iliingia Kilindini na watu wake 20 walio hai. Vifaru vikashushwa na kupandishwa kwenye mabehewa. Mwishoni mwa 2010, nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizotolewa hadharani na WikiLeaks zilionyesha kwamba vifaru hivyo kweli vilikuwa vya Sudan Kusini.

Miaka miwili hiyo, 2009 na 2010, Mombasa iliona kila upande wa jambo hili kwa pamoja. Aprili 2009 Maersk Alabama, iliyokuwa ikileta chakula cha msaada, ilifunga gati ikiwa na mabaharia wake wa Kimarekani lakini bila nahodha wao, aliyekuwa bado ndani ya boti ya kuokolea akiwa na watekaji. Maharamia waliokamatwa na manowari za kigeni nao waliletwa hapa wahukumiwe, na Juni 2010 mahakama maalumu ya usalama wa hali ya juu ikafunguliwa Shimo la Tewa. Katika majira yale waliotekwa na waliowateka waliweza kupita katika barabara moja kati ya bandari na Nyali, wengine kwa basi dogo la hoteli, wengine kwa gari la magereza.

Kisha ikaja zamu ya Wakenya tena, na safari hii kwa wingi. Tarehe 9 Oktoba 2010 meli ya uvuvi ya Korea Kusini, Golden Wave, ambayo kwao inaitwa Keummi 305, ilitekwa karibu na Lamu. Kati ya watu 43 waliokuwamo, Wakorea walikuwa wawili, Wachina wawili, na waliobaki 39 wote ni Wakenya. Jambo hilo halikuonekana katika vichwa vya habari vya kimataifa, ambavyo viliandika juu ya meli ya Kikorea. Mwenye meli hakuwa na fedha. Serikali ya Korea Kusini haikutaka kuwalipa watekaji. Familia 39 za pwani hii hazikuwa na kampuni ya bima, mwanasheria wala mpatanishi wa London. Zilikuwa na chama cha mabaharia na wakala wa meli. Watekaji waliigeuza meli kuwa kituo chao cha kuvizia nyingine baharini, na vijana wa Kenya wakabaki humo wakilazimishwa kusafiri katika vita visivyo vyao. Waliachiwa 9 Februari 2011, miezi minne kamili, watekaji wakiwa wameshindwa kukamua walichokitaka.

Karibu na wakati ule meli nyingine, Asphalt Venture, iliondoka Mombasa ikielekea Durban ikiwa tupu na mabaharia 15 Wahindi, ikatekwa 28 Septemba 2010. Kikombozi kililipwa Aprili 2011. Watekaji wakapokea fedha, wakaachia meli na watu wanane, wakabaki na saba ili kuibana India iwaachie Wasomali iliokuwa imewakamata. Saba hao walikuja kuachiwa Oktoba 2014. Walikuwa wameaga Kilindini miaka minne kabla ya hapo.

Kuanzia 2012 utekaji ulipungua sana, kwa sababu ya manowari na walinzi wenye silaha melini. Dunia ikahamisha macho. Waliosahaulika ni mateka wa meli ambazo wenyewe walikwisha kuzitupa. Iceberg 1, ya kampuni ya Dubai, ilitekwa Machi 2010 na watu wake wakakaa karibu siku 1,000 hadi majeshi ya Puntland yalipowatoa Desemba 2012. Albedo ilizama Julai 2013 ikiwa bado mikononi mwa watekaji, na mabaharia 11 waliosalia wakapata uhuru Juni 2014. Naham 3, meli ya uvuvi yenye bendera ya Oman, ilitekwa Machi 2012. Kati ya watu 29, watatu walikufa, na 26 wakatolewa Oktoba 2016 wakaletwa Nairobi wakisimulia jinsi walivyokula panya. Kazi ya kuwatoa hao wa mwisho iliongozwa na John Steed, kanali mstaafu wa Uingereza aliyeishi Nairobi, akisaidiana na watu wachache waliochangisha fedha kwa sababu hakuna mwenye meli aliyekuwa tayari kulipa. Kisheria hakuna aliyekuwa na wajibu nao.

Wajibu wa kisheria, kwa mabaharia wa kawaida, umeboreka. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ulianza kutumika Agosti 2013, na Kenya ikauridhia mwaka uliofuata. Unakataza wakala kumtoza baharia ada ili ampatie kazi, jambo lililokuwa desturi kwa wengi hapa pwani. Kuanzia Januari 2017 marekebisho yake yanamtaka mwenye meli awe na dhamana ya fedha kwa ajili ya mabaharia watakaotelekezwa, na cheti cha dhamana hiyo kibandikwe mahali ambapo kila mtu melini anakiona, pamoja na anwani ya aliyedhamini. Mhudumu anayepanda ngazi leo hukitafuta cheti hicho ukutani kabla ya kukaa. Na wakati wa korona, mwaka 2020, watu wapatao 400,000 walipokwama melini duniani kote baada ya mikataba yao kuisha, ni vyama vya bandarini vilivyopeleka sabuni, laini za simu na habari hadi kwenye ngazi, hata pale ambapo wahudumu hawakuruhusiwa kupanda.

Hata hivyo mkataba huo una ibara ya mwanzoni ambayo watu wa pwani wangepaswa kuisoma mara mbili. Inasema hauzihusu meli za uvuvi, wala vyombo vilivyojengwa kwa jadi, na kwa mfano inavitaja majahazi. Vijana 39 wa Golden Wave wasingelindwa nao. Wala mabaharia wa majahazi yanayobeba mbuzi, unga na mikoko kati ya Lamu, Kismayu, Pemba na Bandari ya Kale ya Mombasa. Machi 2024 maharamia walipoiteka MV Abdullah ya Bangladesh na watu 23, ikitoka Maputo na makaa ya mawe, kampuni yake ilikuwa na bima na wapatanishi, na ilitoka kwa mwezi mmoja. Jahazi likipotea wiki hiyo hiyo, hakuna karatasi yenye majina itakayotafutwa katika ofisi yoyote. Atakayeulizwa ni yule yule mtu wa chama, kwenye simu yake.